Samaki Hai, Kizazi Hakuna: Majitaka na Uzazi wa Samaki
Mada iliyoandaliwa kwa mikutano ya hadhara ya kata za mwambao wa Ziwa Victoria



Samaki wanapokufa na kuelea juu ya maji, hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba maji yameharibika. Harufu hufika mwaloni kabla ya mitumbwi, Mtendaji hupigiwa simu, na kabla ya jua kuzama kila mtu huwa na jina la anayemtuhumu. Mada hii inahusu uchafuzi wa namna nyingine, ule usiomuua samaki hata mmoja. Samaki huogelea, hula, hunenepa, hunaswa na huuzwa kama siku zote. Kilichopungua ndani yake ni uwezo wa kuzaa, na upungufu huo hauonekani kwa macho mpaka ufike msimu ambao nyavu zinatoka majini zikiwa nyepesi na hakuna anayejua sababu.

Mwili wa samaki, kama mwili wa binadamu, huendeshwa na vichocheo viitwavyo homoni. Hizo ni kemikali zinazosafiri ndani ya damu zikipeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Homoni za kike huitwa estrojeni. Jike anapokaribia kutaga, estrojeni hupanda katika damu yake na kuliamuru ini kutengeneza protini iitwayo vitelojenini, ambayo ndiyo malighafi ya kiini cha yai. Ini la dume nalo lina uwezo wa kutengeneza protini hiyo hiyo, lakini uwezo huo umelala maisha yake yote, kwa kuwa estrojeni yake ni ndogo mno na amri haifiki. Ikiwa maji yanayopita katika matamvua yake yamebeba estrojeni, au kemikali inayofanana nayo, ini halina namna ya kujua kwamba amri imetoka nje ya mwili. Linatii. Dume huanza kutengeneza malighafi ya mayai ambayo hatayataga kamwe, mzigo huo huelemea figo zake, na korodani zake huchelewa kukomaa. Dume aliyeathirika sana hukutwa na chembe za mayai zikikua ndani ya korodani.

Jambo hili lilifahamika kwanza kwa uwazi nchini Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, samaki wa maji baridi waitwao roach walipatikana katika bonde la mto Lea, ambao unaingia mto Thames mashariki mwa London, wakiwa na viungo vya dume na jike katika mwili mmoja. Maji walimoishi yalipokea majitaka kutoka mitambo ya kusafishia. Katika miaka iliyofuata, watafiti waliweka trauti madume ndani ya vizimba na kuvishusha mtoni karibu na mahali majitaka hayo yanapotokea. Baada ya majuma machache walichukua damu yao na kupima vitelojenini. Ilikuwa imepanda sana, kana kwamba wale walikuwa majike walio karibu kutaga. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1994. Mwaka 1998 Susan Jobling, John Sumpter na wenzao wakaonyesha kwamba roach wenye jinsia mchanganyiko walikuwamo katika mito mingi ya Uingereza, na kwamba chini ya baadhi ya mitambo karibu kila dume aliyechunguzwa alikuwa na dalili hizo.

Ifahamike kwamba maji hayo yalikuwa yamekwisha kusafishwa. Yalipitia matangi, yalichujwa, yakaonekana meupe, na kwa vipimo vya kawaida vya wakati ule yalifaa kurudishwa mtoni. Kata isiyo na mtambo wowote wa kusafishia majitaka haina sababu ya kusikiliza habari za mto Lea kama habari za mbali.

Homoni hizo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka mahali ambapo wengi hawapatarajii, yaani katika mkojo wa watu. Mwili wa binadamu hutengeneza estrojeni, huitumia, kisha huitoa kwa njia ya haja ndogo. Sehemu nyingine ilitokana na ethinilestradioli, estrojeni ya kiwandani iliyomo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango, ambayo nayo hutoka na mkojo na huchukua muda mrefu zaidi kuvunjika majini. Katika mto Aire, kaskazini mwa Uingereza, mkosaji mkubwa alikuwa mwingine kabisa. Viwanda vya sufu vilitumia sabuni ambazo zikioza huacha kemikali iitwayo nonilfenoli, nayo huigiza estrojeni ndani ya samaki ijapokuwa haina asili yoyote ya homoni. Matumizi ya sabuni hizo yalipopunguzwa, athari kwa samaki wa mto huo nazo zilipungua.

Hata hivyo roach hawakutoweka Uingereza. Wale walioathirika kidogo waliendelea kuzaa, na mito mingi ina roach hadi leo. Kwa sababu hiyo wapo waliosema kwamba samaki kubadilika viungo ni jambo la kustaajabisha tu, lisilo na hasara kwa mvuvi. Jibu la hoja hiyo lilipatikana Kanada.

Katika jimbo la Ontario kuna eneo la maziwa madogo yaliyotengwa kwa ajili ya utafiti, na kila ziwa lina namba yake. Kati ya mwaka 2001 na 2003, mtafiti Karen Kidd na wenzake walitia ethinilestradioli katika Ziwa namba 260 kila majira ya joto, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita moja ya maji, kiwango ambacho kimewahi kukutwa katika majitaka ya miji. Maziwa ya jirani hayakutiwa kitu, ili yatumike kulinganisha. Katika Ziwa 260 waliishi samaki wadogo waitwao fathead minnow, wasiozidi urefu wa kidole, ambao maisha yao ni ya miaka michache tu. Madume walianza kutengeneza vitelojenini kwa wingi muda mfupi baada ya kazi kuanza. Korodani zao hazikukomaa inavyopasa. Kisha watoto wa mwaka wakaacha kuonekana katika nyavu za watafiti, na wazee walipokufa kwa umri wao wa kawaida hapakuwa na wa kushika nafasi zao. Samaki hao walikaribia kwisha kabisa ziwani. Katika maziwa ya jirani wenzao waliendelea kama kawaida.

Hakuna samaki aliyeelea. Mtu ambaye angesimama ufukweni mwa Ziwa 260 katika miaka hiyo angeona maji safi na mandhari tulivu. Baadaye hata samaki wakubwa wa ziwa hilo walipungua, si kwa sababu homoni iliwageuza, bali kwa kukosa chakula, kwani walizoea kuwala hao wadogo.

Tofauti ya roach na fathead minnow ndiyo sehemu ya habari hii inayowagusa zaidi wakazi wa mwambao. Roach huishi miaka mingi. Msimu mmoja mbaya, au hata mitatu, huweza kufidiwa na mwingine mzuri. Samaki wa maisha mafupi hana akiba hiyo. Misimu miwili ikipita bila watoto, ukoo umefika ukingoni. Na samaki anayeongoza kwa wingi katika uvuvi wa Ziwa Victoria leo ni dagaa, ambaye maisha yake ni mafupi kuliko ya wengine wote wanaovuliwa hapa kwa biashara. Dagaa ndiye kitoweo cha mwenye kipato kidogo, ndiye anayeanikwa na kina mama kila asubuhi ya jua, na ndiye malighafi ya chakula cha kuku.

Itasemwa kwamba Ziwa Victoria ni kubwa mno, na kwamba uchafu wa kijiji kimoja hupotea ndani yake kama tone. Kwa katikati ya ziwa, hoja hiyo ina uzito. Lakini samaki wengi hawazalii katikati. Sato dume huchimba kiota katika maji ya kina kifupi karibu na ufukwe, na jike huyaatamia mayai kinywani mwake. Ningu hupanda mitoni wakati wa mvua ili kutaga. Ghuba zilizojificha, midomo ya mito na kando zenye matete, ambazo ni vyumba vya uzazi vya ziwa zima, ndizo pia zinazopokea kwanza kila kinachoteremka kutoka vijijini na minadani, tena kabla hakijachanganyika na maji mengi.

Wingi unaohitajika kuleta madhara nao hutisha ukipigiwa hesabu. Nanogramu 5 kwa lita ni sawa na gramu moja ya homoni katika lita milioni 200, yaani maboza 20,000 yenye lita 10,000 kila moja. Kidonge kimoja cha uzazi wa mpango chenye mikrogramu 30 za ethinilestradioli, kikitumbukizwa majini kikiwa kizima, kinatosha kwa hesabu hiyo kuzifikisha lita 6,000 katika kiwango cha Ziwa 260.

Hapa neno moja lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu mada za namna hii zina tabia ya kuishia mahali pasipostahili. Hakuna jambo lolote katika maelezo haya linalompa mtu yeyote ruhusa ya kumwambia mwanamke aache uzazi wa mpango. Estrojeni ya asili hutoka kwa kila mtu, kwa wingi zaidi kwa mama mjamzito, na hata ng'ombe wanaonyweshwa mtoni huitoa. Kama vidonge vyote vingetoweka kesho, kinyesi na mkojo visivyodhibitiwa bado vingepeleka homoni ziwani. Tatizo ni njia ambayo majitaka yanapita, na njia hiyo iko chini ya uamuzi wa kaya, kijiji na Halmashauri.

Mahali pa kuanzia, basi, ni desturi ya kutapisha vyoo. Kila mkazi anaijua, ijapokuwa wachache huizungumza mchana. Mvua kubwa inapoanza, hasa usiku, shimo lililojaa hutobolewa ubavuni na yaliyomo huachiwa yaende na maji ya mvua kupitia mfereji na korongo hadi ziwani. Madhara yake ya haraka, kipindupindu na homa ya matumbo, yamekwisha kuhubiriwa kwa miaka mingi na mabwana afya. Kinachoongezwa hapa ni kwamba tendo hilo humwaga kwa usiku mmoja homoni zilizokusanyika tangu choo kilipochimbwa, tena wakati wa mvua, ambao ndio wakati ningu wanapanda mitoni. Choo kile kile kikiachwa wima, udongo na vijidudu vyake hufanya kazi kubwa ya kuzizuia na kuzivunja homoni kabla hazijafika mbali, mradi shimo liko mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na choo cha shimo hakina sababu ya kusamehewa.

Ni haki pia kusema kwa nini watu hutapisha. Gari la kunyonya majitaka ni ghali kwa kaya inayoishi kwa mauzo ya siku, na katika vitongoji vingi vya mwaloni gari hilo halipiti hata mwenye nyumba akiwa na fedha mkononi. Faini peke yake haitapanua kichochoro. Katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam isiyofikika kwa lori, vikundi vya vijana vimetumia pampu ya mkono iitwayo gulper, inayovuta tope la choo na kulijaza katika mapipa yanayosafirishwa kwa mkokoteni au guta. Kaya kadhaa zinazopanga kuondoa majitaka kwa siku moja hugawana gharama ya usafiri. Vijiji vinavyokusudia kutunga sheria ndogo dhidi ya kutapisha vinashauriwa kuweka mpango wa namna hiyo katika kikao kile kile, kwa maana sheria ndogo isiyo na njia mbadala itavunjwa katika mvua ya kwanza. Tope hilo lisimwagwe porini. Lipelekwe kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, ambamo jua na bakteria hupewa siku nyingi za kulifanyia kazi. Mabwawa hayo hayaondoi homoni zote, lakini kiasi kinachobaki ni kidogo sana ukilinganisha na kinachotoka katika choo kilichotapishwa.

Kuhusu dawa, maelezo ni mafupi. Vidonge vilivyobaki au vilivyopita muda wake, viwe vya uzazi wa mpango au vya maradhi yoyote, visitupwe chooni, mferejini wala ziwani. Mwenye navyo avipeleke kwa mhudumu wa zahanati au amwone Afisa Afya wa kata ili aelekezwe. Viuatilifu vya mashambani vina sura yao wenyewe, kwa kuwa baadhi yake huvuruga homoni na vingine huua samaki papo hapo. Bomba la kupulizia na makopo matupu visioshewe mtoni kwa hali yoyote ile.

Lipo kundi moja ambalo halijazoea kutajwa katika mazungumzo ya uchafuzi, nalo ni wazalishaji wa vifaranga vya samaki. Ufugaji wa sato umeenea, na wafugaji hupendelea madume peke yake, kwa kuwa madume hukua haraka na bwawa halijai watoto. Njia iliyozoeleka ya kupata madume ni kuwalisha vifaranga, kwa muda wa siku 21 hadi 28 tangu waanze kula, chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume iitwayo methiltestosteroni. Mlaji hana haja ya kuogopa, kwani homoni hiyo huondoka mwilini mwa samaki muda mrefu kabla hajafikia uzito wa kuuzwa. Swali ni maji ya matangi na chakula kilichozama bila kuliwa. Vikimwagwa moja kwa moja katika kijito, vinapeleka kwa samaki wa porini dawa ile ile iliyokusudiwa kugeuza jinsia ya samaki, na safari hii hakuna anayepima dozi. Maji hayo yapitishwe kwanza katika bwawa la pembeni lenye mimea, yakae humo siku za kutosha kabla ya kutoka. Mwenye kituo cha vifaranga ambaye hajafanya hivyo amwone Afisa Uvuvi, naye aelekezwe kabla ya kushitakiwa.

Limeulizwa pia, na litaulizwa tena, kama samaki wa ziwa hili wameanza kuwa hatari kwa mlaji. Mada hii inahusu uzazi wa samaki. Hakuna sababu ndani yake ya kumfanya mtu aache kula dagaa au sato, na mchuuzi atakayesikia mteja akikataa samaki kwa kisingizio cha homoni anaweza kumsomea aya hii.

Ziwa 260 lina sehemu ya pili ya habari yake, ambayo husahaulika. Watafiti waliacha kutia homoni baada ya mwaka 2003. Hawakupanda vifaranga wapya wala kutia dawa ya kusafisha. Wachache waliosalia walianza kuzaa tena, na baada ya miaka michache fathead minnow walirudi katika wingi wao wa zamani. Uharibifu huu, tofauti na ule wa zebaki inayokaa katika tope kwa vizazi, hupungua chanzo chake kinapofungwa.

Wavuvi wa Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi wana nafasi ya pekee katika kulitambua jambo hili mapema. Mtu hawezi kumtazama dagaa mwaloni na kusema kwamba korodani zake zina mayai. Hiyo ni kazi ya hadubini katika maabara, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ndiyo yenye wataalamu wake. Lakini mvuvi anayeandika kumbukumbu huona kinachotangulia. Samaki wakubwa wanaendelea kupatikana huku wadogo wa msimu wakikosekana katika ghuba moja, ilhali ghuba ya jirani inao. Kukosekana huko kunaweza kuwa na sababu nyingine, zikiwamo nyavu haramu na maji kupungua hewa, na kwa sababu hiyo taarifa isibebe jina la mtuhumiwa. Iandikwe tarehe, jina la ghuba, aina ya samaki, aina ya nyavu na mifereji inayoingia hapo, kisha ipelekwe kwa Afisa Uvuvi wa kata. Ghuba iliyoandikwa hivyo kwa misimu miwili mfululizo itakuwa na sababu ya kutosha ya kuombewa wataalamu waje kuchukua sampuli, wakati wadogo wachache bado wapo wa kupimwa.